Mwaka wa Kinyaa

Tulimzika Sifa kule Fizi mwezi uliopita. Watu walikuwa wengi, mvua ilitishia ikaacha, na mama mmoja wa kanisa lake alisimama mbele ya waombolezaji, akajipangusa uso kwa ncha ya kitenge, akasema: "Huyu mama alikuwa musafi. Bote mulikuwa munaona. Sufuria yake ungejiangalia ndani sawa kioo." Watu wakaitikia kwamba ndivyo. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye mkeka kando ya Neema, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka mingi tangu aolewe ng'ambo ya ziwa. Neema akanifinya paja. Nikainamisha kichwa haraka ili watu wadhani nimezidiwa na kilio. Sikuwa ninalia. Nilikuwa ninaona sufuria nyingine ya Sifa huyuhuyu, chini ya kitanda chetu kule mjini Baraka, maharage yake yameota manyoya ya kijani, na katikati ya manyoya hayo vitu vyeupe vinatambaa polepole kama watu wasio na haraka. Nilihisi mate yakijaa mdomoni, kama siku niliyoivuta nje. Miaka yote hiyo imepita, nimezaa, nimezika, nimefundisha madarasa yasiyohesabika, na tumbo langu bado linakumbuka sufuria ile kuliko linavyokumbuka chakula chochote kizuri nilichowahi kula.

Tulikuwa watatu, wasichana wa chuo cha ualimu, na mwaka huo ndio wa kwanza kwa kila mmoja wetu kuishi nje ya nyumba ya kwao. Kwetu mimi ni Lweba. Tulipanga chumba cha nyuma kwa Papa Jérôme, mwenye maboti, mtu anayejulikana Baraka nzima kwa mashati yake meupe. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja na godoro moja la chini, dirisha dogo lililoangalia jiko la mama mwenye nyumba, na ukuta wa matofali mabichi uliotutenganisha na sebule ya Papa Jérôme. Ukuta ule haukuzuia kitu. Tulisikia kijiko chake kikigonga kikombe, tulisikia akicheua, na tulisikia kila alichosema kuhusu sisi. Upepo wa mchana ulileta harufu ya samaki waliotandazwa mchangani, na jioni ulileta harufu nyingine kutoka kona ya uwanja, ambayo nitaieleza kwa wakati wake.

Watu hudhani msichana huzaliwa akijua kushika ufagio. Mimi nilifika Baraka sijawahi kuwasha makaa hata siku moja; nyumbani nilikuta moto umeshawaka. Ugali wangu wa kwanza ulikuwa unga mkavu ndani na gundi nje, na tulipoukata kwa kisu ulitoa vumbi. Neema alikuwa amekulia kwenye bweni la masista, ambako walimfundisha kutandika kitanda mpaka shuka ikawa kama ubao, na baada ya hapo walimpigia kengele akala. Hakujua ndagala, wale dagaa wa ziwani, wananunuliwa wapi wala wanatolewa vichwa vipi. Kwa hiyo wa kututoa aibu alikuwa Sifa, binti wa Fizi, mweusi, mwenye mikono mikubwa kuliko umri wake. Sifa alijua kila kitu. Tatizo ni kwamba alikuwa amekula kiapo.

"Sasa nani anasafisha sufuria?" Neema aliuliza jioni ya kwanza, baada ya Sifa kutupikia maharage matamu ajabu.

"Si mi," Sifa akasema, amejilaza, mikono chini ya kichwa. "Mi nilisafishiaka bantu tangu niko mudogo. Batoto ya dada mukubwa, bazee, bageni, bote. Nilijiapia: siku nitatoka kwetu, sishiki tena uchafu ya muntu. Kupika nitapika, sababu na mi ninakulaka. Kusafisha, hapana."

Nasi tuliokuwa hatujui kusafisha tuliona haya kusema hatujui. Basi sufuria ikasukumwa chini ya kitanda na mabaki yake, na kesho yake tukaazima nyingine.

Hivyo ndivyo uchafu ulivyoingia, taratibu, kwa adabu. Nilizaliwa katika nyumba ya watu wanaonawa kabla ya kila sala, birika likiwa mlangoni daima, na sikuwahi kufikiri kwamba usafi ni kazi ambayo mtu fulani aliifanya. Nilidhani ni hali ya hewa. Baraka ilinifundisha vinginevyo. Tulinunua ndagala ufukweni, wamekauka juu na ndani bado wana maji, tukawafunga kwenye mfuko wa plastiki tukawaweka juu ya boriti. Baada ya siku chache za joto chumba kilianza kunuka, na kila mmoja wetu akaanza kumwangalia mwenzake kwa pembeni. Neema alinuswa. Mimi nilinuswa. Kisha mchana mmoja, nikiwa nimelala chini nasoma, kitu kikaniangukia shavuni, laini, chenye uhai, halafu kingine shingoni. Nilipoinua macho niliona mfuko umetoboka na funza wanashuka mmoja mmoja kwenye nywele zangu. Nilikimbia nje nikipiga kelele, nikajimwagia ndoo nzima ya maji mbele ya wageni wa Papa Jérôme, na kwa wiki nzima sikuweza kutafuna kitu bila kukitazama kwanza.

Kunguni walikuwa kwenye mbao za kitanda. Ukiwaponda kwa kucha walitoa damu yako mwenyewe na harufu kama ya mafuta yaliyochacha. Kulikuwa pia na jambo ambalo sisi wanawake hatuliandiki, nami nitaliandika kwa sababu mimi ni mzee na haya zangu zimechoka. Neema alikuwa anaficha vitambaa vyake vya mwezi chini ya godoro, vibichi, kwa kuwa bwenini walimfundisha kwamba jicho la mtu yeyote lisivione. Vilioza pale. Tulipogeuza godoro kutafuta kunguni tukavikuta, vimeota ukungu mweusi, na mimi nikarudi nyuma nikiziba pua. Neema alianza kulia. Sifa hakuvigusa, kiapo chake kilikuwa bado, lakini alimwambia bila ukali:

"Dada, hii inafuliwaka na sabuni na maji ya baridi, kiisha inaanikwa ku jua. Ku jua, mbele ya bantu. Ukiona haya, weka kitenge juu. Unataka kuoza we muzima?"

Ndivyo nilivyojifunza jambo ambalo mama yangu alikuwa hajapata kuniambia. Nililijifunza nikiwa nimeziba pua.

Jioni hiyohiyo, kupitia ukuta, tulimsikia Papa Jérôme akizungumza na mgeni. "Basichana ba siku hizi," alisema, na tulisikia kiti chake kikilia chini ya uzito wake. "Bakipita ku barabara unasema bibi-arusi. Ingia mu chumba yabo sasa. Nguruwe." Mgeni alicheka. Alisema kweli, na ukweli ukitoka katika mdomo kama ule nao unachukiza.

Kwa maana choo cha uwanja ule kilikuwa chake. Kilikuwa kwenye kona, chini ya mti wa mpapai ulionawiri kuliko mipapai yote ya mtaa. Shimo lilikuwa limejaa kabla hatujafika. Mbao zilikuwa zimeoza, zikibonyea chini ya mguu, na ulipochuchumaa ulisikia chini yako sauti ndogo isiyokoma, kama mvua nyepesi inayonyesha kwenye majani. Walikuwa funza. Hukuhitaji kuinama ili kuwaona. Tulienda tukiwa tumefunga kitenge puani, tumekunja nguo mpaka magotini, tukashikana mikono mlangoni ili mmoja asizame. Mke wa mwenye nyumba, Mama Chantal, alikitumia choo hicho, na watoto wake pia, na wadogo walikataa kuingia wakajisaidia nje ya mlango. Mtu mmoja tu wa nyumba ile hakuingia humo kamwe. Kila asubuhi Papa Jérôme alivaa shati jeupe, akapanda pikipiki yake, akaenda kwa ndugu yake upande wa soko kufanya haja zake kwenye choo cha saruji, kisha akarudi kunywa chai.

Tulimwendea tukamwomba achimbishe kingine. Tulipiga magoti, kama inavyofaa mbele ya mtu wa umri wake.

"Choo ilijaa sababu ya banani?" akatuuliza. "Kabla mukuje, ilikuwa inatosha. Nitatuma bantu. Kesho."

Mvua za mwisho wa mwaka zilifika kabla ya kesho yake. Maji yalitiririka kutoka kona ile yakapita uwanjani, ya kahawia, yenye povu, yakibeba vitu ambavyo tulijifanya hatuvitambui, yakazunguka kisima na kushuka kuelekea ziwani. Tulichota kisimani tukanywa. Kuchemsha maji tuliona ni kuharibu makaa. Mwalimu wetu wa usafi pale chuoni alikuwa ametufundisha darasani kuchemsha maji, tukaandika, tukajibu mtihani vizuri, tukarudi nyumbani tukanywa vilevile. Nikiwaza leo, hili linanitia kinyaa kuliko funza.

Neema aliugua asubuhi moja. Nilikuwa naye peke yangu. Alitoka mbio, akarudi, akatoka tena, na mara ya tatu hakufika mlangoni. Kilichomtoka kilikuwa maji, meupe kidogo kama maji ya kuoshea mchele, mengi kuliko ambavyo mwili mwembamba kama ule ungeweza kubeba, na kilinuka kama samaki mbichi. Macho yake yaliingia ndani mbele yangu. Nami nilisimama mlangoni na kitenge puani, miguu imekataa. Nilitaka kwenda na sikuweza. Mwili wangu ulinikatalia, kama punda. Ndipo Sifa akarudi kutoka sokoni, akaona, akatupa kapu chini. Alipiga magoti ndani ya maji yale. Alimvua Neema nguo, akampangusa kwa mikono yake miwili, akamfunga kitenge safi kama mtoto mchanga. Kiapo chake hakukitaja, wala mimi sikukitaja siku hiyo.

"Zaina, shika miguu."

"Siwezi, Sifa. Nitatapika."

"Tapika. Kiisha ushike miguu."

Nilitapika pale pale kizingitini, kisha nikashika miguu. Mwenye pikipiki wa kwanza alitutazama akaondoa pikipiki yake. Wa pili alikubali baada ya Sifa kutandika kitenge chake cha kanisa juu ya kiti. Tulikaa watu wanne juu ya pikipiki ile, Neema katikati, kichwa chake kinaning'inia begani kwangu, na nilihisi joto la kile kilichokuwa kikimtoka kikipita kwenye nguo zangu mpaka kwenye ngozi.

Pale walipotibiwa wagonjwa wa kipindupindu kulikuwa na mahema, na vitanda vya turubai vyenye tundu katikati, na ndoo chini ya kila tundu. Muuguzi alitunyunyizia dawa ya klorini miguuni kabla hajatusalimia. Aliuliza: "Munakunywaka maji gani?" Sifa akasema ya kisima. "Munachemsha?" Sifa akatikisa kichwa. Neema alitundikiwa maji, chupa juu ya chupa, na kazi ya kumwaga ndoo ilikuwa yetu. Mara ya kwanza nilifumba macho nikamwaga nusu yake kwenye kiatu changu. Sifa alinionyesha jinsi ya kuibeba mbali na mwili, jinsi ya kupumua kwa mdomo, jinsi ya kutotazama na jinsi ya kutazama inapobidi, maana muuguzi alitaka kujua kama rangi inabadilika. Alinifundisha kunawa mpaka kwenye viwiko, katikati ya vidole, chini ya kucha. Sikuzoea. Watu husema mtu huzoea. Mimi nilitapika pembeni kila siku na nikarudi kushika ndoo, na Neema akapona.

Tulipomrudisha alikuwa mwepesi kama nguo iliyoanikwa. Tulimlaza, tukachemsha maji, na kupitia ukuta tukamsikia Papa Jérôme: "Balileta ugonjwa mu parcelle yangu, mu uwanja yangu. Nilisema, ile ni nguruwe." Neema alifumba macho. Sifa alikuwa anasugua sufuria kwa majivu na mchanga, nje ya mlango, zile sufuria zote za chini ya kitanda, moja baada ya nyingine. Nilimuuliza kama hakuwa ameapa.

"Niliapa sisafishii tena bantu," akasema bila kuinua uso. "Hii ni uchafu yangu. Ya bantu ni kitu ingine."

Kesho yake alikwenda kwa Papa Jérôme kuomba ruhusa tuchimbe choo wenyewe. Papa Jérôme alicheka mpaka akakohoa. "Mutachimba na kucha?" Kisha akatuonyesha mahali, palepale kando ya choo cha zamani, maana sehemu nyingine zote, alisema, alikuwa amezipangia kujenga ghala. Tuliazima jembe na beleshi kwa majirani. Wanaume waliokuwa wakienda ufukweni walisimama kwenye ua wa matete kututazama. "Baalimu!" walipiga kelele. "Munatafuta dhahabu?" Sifa alikuwa shimoni, mimi juu, Neema ameketi na kamba ya kuvutia ndoo ya mchanga kwa sababu nguvu zake hazijarudi. Mchanga wa kando ya ziwa si udongo wa kule Fizi alikozoea Sifa. Kule ukichimba, ukuta unasimama. Hapa kila beleshi tulilotoa lilirudi nusu.

Shimo lilikuwa limefika mabegani mwake siku ukuta ulipoanguka. Haukuanguka kwa kishindo. Ulitoa sauti kama mtu anayevuta kamasi, kisha upande wote ulioelekea choo cha zamani ukafunguka, na kilichokuwa kimekaa humo kwa miaka kikaja. Kilikuwa cheusi na kizito, kikachemka mapovu, na kilimfunika Sifa mpaka kiunoni kabla hajafunga mdomo. Alikuwa amekwama, mchanga umembana miguu chini yake, na kilikuwa kikipanda. Sitasahau uso wake. Hakupiga kelele, nadhani aliogopa kufungua kinywa. Wanaume wa kwenye ua walirudi nyuma wakiziba pua, na hakuna hata mmoja aliyeruka ua. Nililala kifudifudi ukingoni, nikashika mikono yake, ikateleza. Nikaishika tena. Neema akampitishia kamba kwapani. Na ndipo Mama Chantal, ambaye kwa miezi yote ile hakuwa ametuambia zaidi ya jambo na usiku mwema, alitoka jikoni mbio bila viatu, akalala tumboni kando yangu ndani ya uchafu, akamshika Sifa chini ya mkono. Tulivuta sote watatu. Alitoka kwa sauti ile ile iliyomwingiza.

Tulimsimamisha nyuma ya mikeka iliyozungushiwa mahali pa kuogea. Nilimwosha mimi. Nilitumia maji yote yaliyokuwa uwanjani na sabuni mpaka ikabaki kipande kama ukucha. Nilimsugua mgongo, masikio, nywele, kitovu, nikatoa funza kwenye mikunjo ya mwili wake kwa vidole vyangu. Kinyaa hakikuniacha, lakini mikono iliendelea na kazi yake bila kuniuliza. Sifa alikuwa analia na kucheka. "Zaina," alisema, "leo hujatapika." Niligeuka nikatapika. Tukacheka mpaka Mama Chantal naye akacheka, mkono mdomoni, akitazama barabara kama mumewe anakuja.

Mumewe hakuwapo. Alikuwa ameondoka na boti yake kwenda mji wa Kalemie. Mama Chantal akatuambia kwa sauti ya chini: "Muache ile kona. Chimbeni kule, mbali na kisima. Na muchukue mapipa." Nyuma ya nyumba kulikuwa na mapipa ya chuma ya mafuta ya boti, matupu, yanashika kutu. Tulimwomba fundi wa jirani akayakata vitako. Tulishusha pipa juu ya pipa kadiri tulivyochimba, na mchanga haukurudi tena. Juu tuliweka magogo, udongo wa mfinyanzi, na tundu dogo lenye kifuniko cha mbao kilichokuwa na mpini. Ukuta ulikuwa matete na turubai. Neema alitundika kidumu chenye tundu la msumari, ukikiinamisha kinakupa maji ya kunawa, na chini yake sabuni kwenye kamba. Siku kilipokwisha tuliingia kwa zamu, na kila aliyetoka alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kusali. Watoto wa Mama Chantal walitaka kwenda hata wasipokuwa na haja.

Papa Jérôme akarudi. Alikizunguka choo kile, akabonyeza ukuta kwa kidole, akafunua kifuniko akachungulia, akafunika. Alionekana kuridhika. Kesho yake tulikuta kufuli mlangoni.

"Parcelle ni ya nani?" alituuliza tulipomwendea. "Na mapipa ni ya nani? Basi choo ni ya nani?" Ufunguo aliuweka kwenye mfuko wa shati, hapo mbele, na hakumpa mtu. Mke wake aliuomba kwa ajili ya watoto, tulisikia kupitia ukuta. "Batachafua," alimjibu. "Bageni ya Chantal banakuja." Sote tukarudi chini ya mpapai, kushikana mikono mlangoni. Yeye hakupanda pikipiki tena asubuhi. Nimeishi miaka mingi tangu hapo na nimewaona wakubwa wakijifungia vitu vikubwa kuliko choo, barabara, zahanati, mashamba ya watu, na kila mara pua yangu huniletea harufu ileile, na kila mara kuna shati jeupe karibu.

Wageni walikuja siku ya Jumapili, wazee kutoka Fizi, waliotumwa kuleta posa ya Chantal, binti mkubwa wa nyumba ile. Viti vilipangwa barazani. Mama Chantal alikuwa amepika samaki wakubwa aina ya kuhe kwa mawese, sombe ya majani ya muhogo, na ugali mweupe unaofuka, na alituomba tusaidie kuandaa. Nilibeba sahani. Sifa alibeba birika na beseni la kunawia, amevaa vizuri, kichwa kimefungwa. Kabla ya kula mmoja wa wazee aliuliza kwa aibu mahali pa kujisaidia. Papa Jérôme alitoa ufunguo mfukoni kana kwamba anatoa zawadi, akampeleka mwenyewe. Mzee alirudi amefurahi, na alikuwa amekwisha kumega tonge la kwanza alipoanza kusifu.

"Ile choo, ndugu yangu! Hata kule kwetu ku bureau ya serikali hakuna kama ile. Na ya kunawia! Ulichimbisha nani?"

"Ni mi mwenyewe nilisimamia," akasema Papa Jérôme.

Sifa aliweka birika chini. Alipiga magoti, mikono pamoja, kama binti aliyelelewa vema.

"Muzee, samahani. Ni mi nilichimba, na hawa benzangu. Papa hakukuwako." Sauti yake ilikuwa ya upole. "Kwanza alituonyesha pale, chini ya mupapai, kando ya choo ya zamani. Tukachimba. Ukuta ikaanguka, mavi yote ya ile choo ikanifika hapa." Aliweka mkono kiunoni. "Ilikuwa ya moto kidogo, muzee. Ilikuwa na funza, nyingi, zilikuwa zinaingia mu nguo. Zaina alizitoa mu kitovu yangu, moja moja. Ilikuwa mavi yetu, na ya Mama huyu, na ya batoto. Ya Papa haikukuwamo, sababu alikuwa anaendaka kuachilia yake kwa ndugu yake. Sasa anatufungia hii mupya, na sisi tunarudi ku ile ya funza. Na Mama pia, huyu mwenye alipika." Alinyanyua birika. "Samahani sana. Muendelee kula."

Hakuna aliyeendelea. Mzee yule alikuwa na tonge mkononi, limechovywa kwenye mawese, na aliliangalia. Alilirudisha kwenye sahani kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Mwenzake alisogeza samaki mbali na pua yake. Nilitazama nyuso zile zikikunjamana, midomo ikibana, na kwa mara ya kwanza mwaka ule kinyaa kilikuwa kimehama kutoka tumboni mwangu.

"Mama Chantal," Papa Jérôme akasema, "toa hawa basichana hapa."

Mama Chantal alikuja kutoka jikoni akipangusa mikono. Nilidhani anakuja kututoa. Alipita katikati ya viti, akasimama mbele ya mumewe, akaingiza vidole viwili kwenye mfuko wa lile shati jeupe, akachukua ufunguo. Alivuka uwanja polepole mbele ya wazee wote, akafungua kufuli, akaingia, akafunga mlango wa turubai nyuma yake.

Papa Jérôme alitupa amri ya kuhama kabla ya jua kuzama. Neema alikunja shuka, mimi na Sifa tukabeba godoro kichwani, na sufuria zetu, zote zimesuguliwa, zikawa zinagongana ndani ya beseni. Tulipita mbele ya baraza tukawaaga wazee kwa heshima. Walikuwa bado wameketi mbele ya chakula kilichopoa, wakisubiri mama mwenye nyumba aje kuondoa sahani, na Mama Chantal alikuwa bado yumo ndani ya choo kipya.